Tochi Ikiiva, Panda

Glopu ya tochi siku hizi ni adimu kuliko mtu mwenye haya. Ukiingia dukani Ushirombo ukaiulizia, mwenye duka anakutazama usoni kwanza, aone kama u mzima. Buseresere ni afadhali kidogo, lakini huko nako mwezi uliopita kijana wa dukani alimwita mwenzake aje anione. Akaniletea tochi ya LED, ya kuchaji, akaniwashia machoni mchana kweupe, akasema, "Hii inafika mpaka kwa jirani, mzee." Nikamwambia jirani sina ugomvi naye, nataka glopu. Mwishowe walinitolea mbili kutoka kwenye kopo la misumari, moja imeungua. Nilizinunua zote mbili kwa sababu nilikuwa nimeshakasirika.

Tuko wachache tuliobaki na tochi za glopu, na kila mmoja ana sababu yake. Mlinzi mmoja wa kinu cha pamba ananiambia tochi yake inampasha kiganja wakati wa kipupwe. Mfugaji ninayefahamiana naye Bukombe anasema vumbi likitimka, mwanga mweupe unagonga vumbi na kukurudia machoni, ila ule wa njano unapita ukamwona ng'ombe. Muuguzi mstaafu wa upande wa Kolandoto anasema chini ya mwanga mweupe kila mgonjwa anaonekana maiti, naye maiti amewaona wa kutosha. Na sote tunapenda kwamba tochi ya glopu inatengenezeka. Unaikung'uta, unaifungua, unakwangua kutu, unakunja ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara unaiweka nyuma ya betri, inawaka. Ya kuchaji ikifa imekufa, unawapa watoto wachezee.

Sibishani na mtu kuhusu ubora. Anayesema glopu inaangaza kuliko LED ni mwongo, au macho yake yamekwisha. Mimi naipenda glopu kwa udhaifu wake. Inachoka, na ikichoka inaonyesha. LED za machimboni kwetu hazionyeshi kitu, zinakutazama kwa jicho lile lile la asubuhi mpaka zinapozimika. Udhaifu huo wa glopu ndio uliomweka kaka yangu hai kwa miaka mingi, na namna alivyoupoteza bado inaniuma.

Tulizaliwa Shinyanga vijijini, nyumba ya pamba na ng'ombe. Pamba ilipotukataa tukafuata dhahabu upande wa Geita, kaka na mimi, tumbo moja. Yeye alishuka shimoni. Mimi nilibaki juu kwenye kamba, kwa sababu kifua changu hakikupatana na vumbi la mwamba. Duara letu, ndivyo tunavyoliita shimo la kuchimbia, lilikwenda chini wima, kuta zake zimeshikizwa kwa matimba ya miti. Hewa iliyofika chini ilikuwa ile iliyojipeleka yenyewe, pamoja na ile iliyonaswa na mfuko mrefu wa nailoni tulioushona kama mkono wa shati. Siku isiyo na upepo mfuko ulining'inia tu.

Kaka alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa wachimbaji wa zamani: tochi ikiiva, panda. Asubuhi, tochi ilitoa mwanga wa rangi ya samli. Baadaye ukawa wa papai, kisha mwekundu, mpaka ndani ya glopu unaona uzi tu unaowaka. Hapo ndipo waliposema imeiva. Tochi ya yeyote ikiiva, wote walipanda, hata kama nyundo imeshagusa mwamba wenye mali. Waliamini tochi inanusa hewa: hewa ikiwa safi inawaka vizuri, ikichafuka inaiva. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Wazee waliowatangulia walichimba kwa mishumaa na vibatari, na moto kweli hufa mahali pasipo na hewa. Walipopata tochi wakaihamishia sheria ile ile. Hakuna aliyejiuliza hewa inaingilia wapi kwenye glopu iliyozibwa.

Betri zilikuwa za bei rahisi, na zikichoka hazikutupwa. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa akipika chakula kwenye banda la turubai hatua chache kutoka machimboni. Alizianika betri juu ya bati, kando ya dagaa, akawa anazigeuza. Wengine walizing'ata kwa meno ili zipate nguvu. Betri za namna hiyo uwezo wake ni asubuhi tu. Kwa hiyo ugali wa mchana ulipokaribia kuiva, na tochi nazo ziliiva, wanaume wakapanda, wakala, wakakaa juani wakibishana mpira. Shimo nalo likapata muda wa kupumua. Betri mbovu ndizo zilizokuwa zikiwaokoa, wao wakadhani ni elimu ya wazee.

Kisha zikaja taa nyeupe za kufunga kichwani. Mwenye duara alimletea kila mchimbaji ya kwake, na kusema haki, ilikuwa sikukuu. Mikono yote miwili ikawa huru. Ufa wa mwamba uliokuwa ukitafutwa kwa kubahatisha ukawa unaonekana kama mchana. Kaka peke yake ndiye aliyesita. Akamwuliza mwenye duara, "Hii nayo inanusa?"

Fundi wa pampu, kijana aliyesoma chuo cha ufundi, alicheka mpaka akaketi. Hakuwa na dharau, alikuwa na ile furaha ya mtu anayejua kitu. Akaomba mtungi wa kioo kwa mama aliyekuwa akiuza maandazi, akasimamisha kipande cha mshumaa ndani, akaiweka na tochi ya kaka pembeni yake, vyote vinawaka, akaufunga. Tukazunguka kutazama. Mshumaa ukasinyaa, ukafa, ukatoa uzi wa moshi. Tochi ikaendelea kuwaka kama haikuona msiba wa jirani yake.

"Sasa miaka yote hiyo nilikuwa napandishwa na nini?" kaka akauliza.

"Na betri mbovu, mzee wangu," fundi akasema.

Watu wakashika mbavu. Kaka alicheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa mtu asiyeogopa kuchekwa, na pale pale akaifunga ile taa nyeupe kichwani. Yule fundi alisema kweli, na mpaka leo sina kosa la kumbandika. Lakini ile ilikuwa kweli nusu. Ilitutoa kwenye sheria ya uongo ikatuacha bila sheria yoyote. Mwenye duara aliahidi kuleta feni ya kusukuma hewa. Alikuwa mwepesi wa kuahidi.

Tangu siku ile watu hawakupanda tena mchana. Nani apande, na taa ni nyeupe? Chakula kilishushwa kwa ndoo.

Msimu wa mvua maji yakachuruzika ndani ya duara. Pampu ya petroli haikuweza kuyavuta kutoka juu, ikabidi ishushwe iwekwe kwenye kidato, jukwaa dogo la miti, katikati ya shimo, ingurume humo humo. Asubuhi ile ilinguruma mpaka maji yakapungua, ikazimwa, tukaipandisha. Tukangoja harufu ya moshi iondoke. Harufu iliondoka kweli. Kaka akasema anatangulia kukagua matimba, wenzake wamfuate akiwaita. Upepo siku ile haukuwepo, na mfuko wa nailoni ulikuwa umelala ukutani.

Tulikuwa watatu mdomoni mwa duara, na sote tulimwona. Niseme vizuri, tuliiona taa yake. Ilikuwa chini kabisa, nyeupe, tulivu, inang'aa kama sarafu. Mmoja wetu alisema, "Mzee amepata kitu, ameinama hapo hapo." Tukangoja aite. Kila tulipochungulia, taa ipo. Machimboni taa ikionekana mtu yupo kazini, hata mtoto anajua hivyo. Baadhi ya ndugu wameniambia nijilaumu kwa asubuhi ile. Sijilaumu. Naichukia ile taa.

Shemeji alikuja na ugali. Akauliza, "Hajapanda?"

"Bado," nikamwambia. "Si unaiona taa yake."

Alitua chakula chini, akachungulia, akakaa akitazama kwa muda ambao sisi wanaume tulikuwa hatujawahi kutazama. Akasema taratibu, "Mbona haitingishiki?"

Mtu anayepumua hata akilala taa ya kichwani inacheza. Ile haikucheza. Kijana mmoja alijifunga kitambaa chenye maji puani, tukamshusha kwa kamba, akamfunga kaka kifuani, tukaanza kuvuta. Aliyepanda naye alitapika pembeni na kuanguka, lakini alipona. Kaka hakuwa na jeraha hata moja. Tulimlaza kwenye udongo na taa yake bado inawaka, nyeupe, na kila aliyemwinamia ilimpiga machoni asiuone uso wake. Shemeji alikuwa akiusukuma mwanga kwa kiganja kama mtu anayefukuza nzi. Akasema, "Izimeni. Nimwone mume wangu."

Nikaitafuta swichi. Taa zile ukibonyeza hazizimiki mara moja. Nilibonyeza, ikafifia. Nikabonyeza tena, ikaanza kumetameta, ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima kwenye paji la uso la marehemu, mbele ya mke wake, kama taa ya bajaji inayokata kona. Nimezika wazazi na nimezika mtoto. Sijawahi kuona aibu ya kifo kama ile.

Tulimrudisha kwetu Shinyanga tukamzika. Alimwacha mtoto mmoja wa kiume, wakati huo yuko shuleni, na mtoto wa kaka kwetu ni mtoto wako. Nilimlea. Alikua, akaoa, akalima pamba kama babu yake, na pamba ikamfanyia kama ilivyotufanyia sisi. Siku aliyokuja kuniaga kwamba anakwenda machimboni, nilimtukana. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza nina shauri gani jingine la kumpa mtu mwenye mke na mtoto. Shemeji alinivuta pembeni akasema, "Shemeji, sikuombi umzuie, ameshashindikana. Nakuomba arudi akitembea kwa miguu yake."

Nikahamia naye Geita, na baadaye shemeji akatufuata. Katika duara alilopata kazi kulikuwa na feni, lakini ilifanya kazi petroli ilipopatikana, na petroli ilipatikana mwenye duara alipojisikia. Kila mchimbaji alikuwa na taa nyeupe kichwani. Nilimweka mwanangu chini, nikampa tochi ya baba yake, nikamfundisha na sheria yake. Nilimwambia: tochi ya glopu inanusa hewa. Itundike kwenye msumari wa timba, fanya kazi na hiyo taa yako ya kichwani, ila jicho lako liwe kwenye tochi. Ikiiva, panda, usingoje mtu.

Nilimdanganya nikijua namdanganya. Ningemwambia nini? Panda mchana upumzike? Hakuna mwanamume anayeacha mwamba wenye mali kwa sababu ya kupumzika. Lakini tochi ya marehemu baba yake ni jambo jingine, hiyo anaiheshimu. Wenzake walimtania, wakamwita mganga wa glopu. Alivumilia. Akawa anapanda kila mchana, anakaa nje, anakula, na wawili watatu wakaanza kupanda naye kwa kisingizio cha kumcheka.

Kazi yangu ikawa betri. Betri za siku hizi si zile tulizoanika juu ya bati. Hata zile za bei rahisi zinashika siku nzima na zaidi. Tochi yenye betri nzima ingeiva wakati mtu ameshakauka. Kwa hiyo nilizichosha kwanza. Nilikaa mlangoni asubuhi, jua linawaka, na tochi zangu nazo zinawaka, nikingoja mwanga ufike rangi ya papai bichi linaloanza kugeuka. Hapo nazima, naziweka betri kwenye mfuko wa mwanangu. Majirani waliamini nimeshaanza kuchanganyikiwa, nami sikuwakatalia.

Shemeji aliniona siku moja akasimama. "Unawasha tochi juani?"

"Nazipunguza," nikasema.

Yeye ndiye aliyekuwa akizianika betri enzi zile, hakuhitaji kuelezwa. Alivuta kigoda akakaa, akachukua tochi moja mkononi mwangu, na kuanzia hapo tukawa tunaua betri pamoja, wazee wawili, kama watu wanaochambua mchele. Hatukuizungumzia kazi hiyo. Ilikuwa siri ya kumweka mtoto hai na ilitupa amani.

Ndio maana natafuta glopu Buseresere na kuchekwa na watoto wa dukani.

Jumapili moja mwanangu alikuja kula kwetu baada ya kanisa. "Shikamoo baba mdogo, shikamoo mama." Tukaitikia marahaba. Alikuwa amenenepa kidogo, ana uso wa mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Alinipa mfuko wenye betri, za aina nzuri, ngumu, zinazong'aa. Akasema ameona nahangaika na vibetri vibovu, na yeye sasa anajiweza, hivyo amejinunulia zake Katoro na hizi ni zangu. Nilishukuru, nikauweka mfuko mezani.

"Na nina habari njema," akasema. "Hewa ya duara letu imekuwa safi. Wiki nzima tochi haijaiva. Nashinda chini mpaka jioni, na hata wenzangu nimewaambia wasiwe na wasiwasi. Sasa wananisikiliza, wanashinda na mimi."

Shemeji alikuwa akipakua wali. Aliacha upawa ndani ya sufuria akanitazama. Mtu hahitaji kuambiwa anachoombwa na macho ya namna ile.

Nikamweleza yote. Mishumaa ya wazee, mtungi wa maandazi, betri zilizoanikwa, taa ya baba yake iliyong'aa juu ya mtu aliyekwisha kufa. Nikamweleza na hizi za kwetu tulizokuwa tukiziua mlangoni. Aliposikia habari ya mama yake na tochi juani, alimgeukia, naye mama akatikisa kichwa kukubali.

Hakufoka. Ningependa afoke. Aliuliza tu, "Kwa hiyo kule chini hakuna kitu kinachojua?"

"Hakuna, ng'wanawane, mwanangu."

"Na mnataka niwaambie nini wenzangu kesho?"

Tukala wali umepoa. Akaaga kwa heshima ile ile, na betri mpya akaziacha mezani.

Nilidhani asubuhi hatashuka. Alishuka. Ana mtoto mwenye kula kila siku, na mwamba ulikuwa umeanza kutoa. Nilipanda bodaboda nikafika duarani wakati ameshafika chini. Nikachungulia, nikaziona taa zao, nyeupe, tulivu, mbili kando kwa kando na moja mbali. Vijana wa kamba wakaniamkia, wakaniambia, "Wapo kazini, mzee, taa si unaziona." Nikapiga magoti kwenye kifusi nikamwita kwa jina lake. Hakikujibu kitu mara ya kwanza. Nikamwita tena, ikaja sauti kutoka chini, "Nipo."

Sasa hiyo ndiyo kazi yangu. Nakaa mdomoni mwa duara, namwita, anaitika. Mganga wa zahanati aliniangalia koo akaniambia nilipumzishe, sauti inakufa. Nikamwuliza atakayeita ni nani, akaandika dawa. Shemeji naye hupiga simu mchana, hasalimii, anauliza tu, "Ameitika?" Nikisema ameitika, anakata.

Juzi feni ilikuwa imezimwa na upepo haukuwepo. Niliita, kimya. Niliita tena, na koo likatoa hewa tupu, hakuna sauti. Chini taa yake ilikuwa pale pale, inang'aa. Nikaokota jiwe nikaligonga kwenye timba, nikagonga, nikagonga, mpaka vijana wakaja kunishika mikono. Ndipo akaitika, kwa hasira ya mtu aliyechoshwa, "Nipo, baba mdogo, si nimeshasema nipo." Nikakaa kwenye kifusi. Nikawaambia vijana waniachie mikono, maana inabidi nimwite tena.